Kijana Mwenye Kisukari: Mazungumzo ya Mzazi Kuhusu Mapenzi na Ndoa

Himdi zote Anastahiki Allaah, na Swalah na salaam zimfikie Mtume wetu Muhammad (swalla Allaahu ‘alayhi wa sallam), aali zake na Swahaba zake.

Wako wazazi wa visiwani ambao watoto wao wanasoma bara, katika skuli za dahalia. Tuchukue mfano wa Same, chini ya milima ya Upare. Ikiwa mtoto aliyeko huko ana kisukari cha aina ya kwanza, mzazi atampigia simu kumuuliza sindano na chakula. Suala la mapenzi haligusi, naye kijana ameshabaleghe.

Kuona haya si udhuru

Zamani visiwani kwetu binti alikuwa na somo wake, na Upare vijana walifunzwa katika mshitu, yaani msitu wa jando. Leo kazi hiyo imebaki kwa mzazi. Ummu Sulaym (radhwiya Allaahu ‘anhaa) alimuuliza Mtume kuhusu mwanamke anayeota, naye akajibiwa. Kijana aliyeomba ruhusa ya kuzini, Mtume hakumfukuza. Alimsogeza karibu, akamuuliza kama angeliridhia hilo kwa mama yake na dada yake, kisha akamuombea dua (Ahmad). Nasi tuzungumze na watoto wetu kwa upole huo.

Mambo ya kumwambia

1. Hukumu ni moja. Zinaa na faragha na asiye maharimu ni haramu kwa mgonjwa na mzima. Lakini maradhi hayamfanyi kuwa duni. Akiambiwa na mtu, “Nani mwengine atakukubali?”, ajue huo ni mtego.

2. Asifiche maradhi. Anayeruka sindano au chakula ili aonekane kama wenzake anajihatarisha. Njia ya kupanda Suji au Mbaga inatosha kuishusha sukari. Ikiwa chini ya 4 (mmol/L), hutetemeka, hutoka jasho na kuchanganyikiwa, na watu wakadhani kalewa au ana mashetani. Apewe haraka vijiko vidogo vitatu au vinne vya sukari katika maji. Akizimia, asitiwe kitu kinywani, akimbizwe hospitali.

3. Binti aujue mwili wake. Sukari inaweza kupanda karibu na hedhi, na ikikaa juu huleta fangasi sehemu za siri. Hilo si dalili ya uchafu wala zinaa. Viungo vya mtoto huumbika katika wiki nane za mwanzo, mara nyingi mama hajajua kuwa ana mimba. Sukari ikiwa juu wakati huo, hatari ya mimba kuharibika au mtoto kuzaliwa na kasoro huongezeka. Kwa hiyo hata ndani ya ndoa mimba hupangwa na daktari.

4. Mlango wa ndoa uko wazi. Insulini ilitumika mara ya kwanza mwaka 1922, kwa kijana wa miaka 14 huko Toronto. Tangu hapo wenye maradhi haya wameoa, wameolewa na wamezaa, na wengi wa watoto wao hawayapati. Kisukari hakimo katika aibu zinazompa mwanandoa khiyari ya kuvunja ndoa katika madhehebu ya Shaafi‘iy, kama wazimu na ukoma. Hata hivyo, mposaji aambiwe ukweli kabla ya akdi, kwani ndoa hujengwa juu ya amana.

Ikiwa ameshateleza

Mzazi aanze na uhai: amepima sukari? Anahitaji daktari? Kliniki ipo Mnazi Mmoja kwa walioko Unguja, na KCMC Moshi iko kama kilomita 100 kutoka Same. Kisha toba na nasaha, kwa sitara. Kumzuilia dawa au nauli ya kliniki kama adhabu ni dhulma, na inaweza kumuua. Kijana anayejua kuwa atasikilizwa hupiga simu mapema, kabla mambo hayajaharibika.

Wa Allaahu A‘lam.