Kutoka Kamba za Opereta Hadi Programu: Historia ya Mtambo wa Simu za Ofisini

Mtambo wa simu wa ofisi una kazi tatu: kuunganisha meza na meza ndani ya jengo, kuipa kila meza njia ya kutokea nje, na kuamua simu inayoingia imwendee nani. Chombo kinachokaa mezani, pamoja na mkonga wake na namba zake, hakikubadilika sana kwa miongo mingi. Kilichobadilika ni yule anayeunganisha. Kazi hiyo ilianza mikononi mwa mtu, ikahamia kwenye vyuma vinavyopanda na kuzunguka ndani ya kabati, ikaingia katika saketi za kielektroniki, na leo inafanywa na programu ndani ya kompyuta. Kila hatua imeacha alama katika namna simu za ofisini zinavyopangwa hadi sasa.

Alexander Graham Bell alipewa hataza ya simu nchini Marekani Machi 7, 1876. Simu za mwanzo zilikodishwa mbili mbili, moja dukani na nyingine nyumbani, na waya katikati yake. Mpango huo haukuweza kukua. Ofisi ya meza 20 ikitaka kila meza ifikie kila nyingine kwa waya wake yenyewe, itahitaji waya 190. Dawa ilikuwa kuzileta waya zote mahali pamoja na kumweka mtu wa kuziunganisha. Januari 28, 1878, mjini New Haven, Connecticut, George Coy alifungua kituo cha kibiashara cha kuunganishia simu kikiwa na wateja 21. Vifaa maalumu havikuwapo, kwa hiyo ubao wake aliuunda kwa vitu alivyovipata, zikiwemo bolti za magari ya farasi.

Waunganishaji wa kwanza walikuwa wavulana waliotoka kwenye ofisi za telegrafu. Walizoea vyombo, lakini hawakuzoea wateja. Walijibu kwa ukali na kufanya mizaha. Septemba 1, 1878, mjini Boston, Emma Nutt aliajiriwa kuwa opereta wa kwanza mwanamke, na baada ya muda kazi hiyo ikawa ya wanawake karibu kila mahali simu ilipofika. Hoteli, benki, magazeti na viwanda vilipokuwa na simu nyingi ndani, navyo vikaweka mbao zao wenyewe na maopereta wao.

Ubao wa aina hiyo ulikuwa kabati lenye uso uliojaa matundu madogo, kila tundu likiwa mwisho wa laini moja. Mtu akinyanyua mkonga mezani kwake, kifuniko kidogo cha chuma kilidondoka penye tundu lake. Katika mbao za baadaye, taa ndogo iliwaka. Opereta alichomeka kamba moja kwenye tundu hilo, akasukuma swichi ili asikie, akauliza anatafutwa nani. Kisha alichukua kamba pacha wa ile ya kwanza. Kwenye mbao kubwa, ambapo laini moja ilikuwa na tundu mbele ya kila opereta, aligusisha kwanza ncha ya kamba kwenye ukingo wa tundu. Akisikia mlio mfupi sikioni, alijua mwenzake ameshaiunganisha laini hiyo. Kukiwa kimya, alichomeka na kupiga kengele. Mazungumzo yalipokwisha, alichomoa kamba zote mbili.

Historia nyingi za simu hupita hapa haraka kuliko inavyostahili. Opereta wa ofisi hakuwa waya wa kuunganishia waya nyingine. Alijua mhasibu yuko kikaoni mpaka saa ngapi, nani anashika nafasi ya meneja akisafiri, mteja gani asisubirishwe, na nani asipewe laini ya nje kwa gharama ya kampuni. Karibu kila kitu kinachoandikwa leo kwenye mipangilio ya mtambo, kama vile simu isipopokelewa iende wapi, nani anaruhusiwa kupiga nje ya nchi na baada ya saa za kazi nani apokee, kilikuwa kichwani mwa mtu huyo.

Aliyeanza kumwondoa opereta katikati alikuwa Almon Strowger, mwenye biashara ya mazishi katika mji wa Kansas City. Inasimuliwa kwamba alishuku wateja wake wakielekezwa kwa mshindani ambaye mke wake alikuwa opereta. Lililo hakika ni kwamba alipewa hataza ya swichi ya kujiendesha Machi 10, 1891, na kituo cha kwanza kilichoitumia kilifunguliwa La Porte, Indiana, Novemba 3, 1892. Gurudumu la kuzungusha namba lilifuata miaka michache baadaye. Likiachiwa lirudi, lilikata mkondo wa umeme mara nyingi kadiri ya tarakimu iliyopigwa: mara tatu kwa 3, mara kumi kwa 0. Ndani ya kabati, kila mkato ulipandisha mkono wa chuma ngazi moja. Tarakimu iliyofuata iliuzungusha mkono huo kwenye nafasi za ngazi hiyo. Ngazi 10 zenye nafasi 10 kila moja zilitosha laini 100, na kwa kupanga swichi moja baada ya nyingine ofisi ilipata namba za ndani kadiri ilivyotaka.

Mpango wa kupiga 9 ili kutoka nje ulitokana na vyuma hivyo. Katika mitambo mingi ya mtindo wa Uingereza na Marekani, ngazi ya 9 ilifungwa kwenye laini za nje na ngazi ya 0 kwa opereta, huku ngazi nyingine zikienda kwenye meza za ndani. Vyuma viliondoka, desturi ikabaki, hata pale ambapo mtambo ni programu isiyo na ngazi yoyote. Desturi hiyo iliwahi kuleta msiba. Desemba 2013, katika hoteli moja mjini Marshall, Texas, Kari Hunt alishambuliwa na kuuawa chumbani. Binti yake wa miaka tisa alipiga 911 mara nne kama alivyofundishwa, lakini simu haikutoka, kwa sababu mtambo wa hoteli ulitaka 9 ipigwe kwanza. Mwaka 2018 Marekani ilipitisha sheria inayoitwa kwa jina la mama huyo, inayotaka mitambo mipya ya simu za ofisi na hoteli iruhusu namba ya dharura kupigwa moja kwa moja. Fundi anayepanga simu popote duniani anapaswa kuanza na jaribio la kupiga namba ya dharura kabla ya jingine lolote.

Swali la laini ngapi za nje zinunuliwe lilipata jibu la kihesabu mapema. A. K. Erlang, mwanahisabati wa kampuni ya simu ya Copenhagen, alichapisha kazi yake ya kwanza kuhusu jambo hilo mwaka 1909, na mwaka 1917 akatoa kanuni inayotumika mpaka leo. Chukua ofisi ya watu 20, kila mmoja akitumia laini ya nje kwa dakika 3 katika saa yenye shughuli nyingi. Jumla ni dakika 60, yaani mzigo wa laini moja iliyojaa saa nzima. Laini moja tu ingewaudhi wote, kwa kuwa watu hawapigi kwa zamu. Kwa kanuni ya Erlang, laini 4 zitawakosesha nafasi wapigaji 15 hivi katika kila 1,000, na laini 5 zitawakosesha 3 tu. Ofisi hiyo haina haja ya laini 20, wala hata 10. Inasikitisha kuona kampuni zikilipia laini zisizotumika kwa miaka kumbe hesabu ya nusu saa ingetosha.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia transista, iliyovumbuliwa katika maabara za Bell mwaka 1947, ilianza kuchukua nafasi ya vyuma. Novemba 18, 1963, simu za kubonyeza zilianza kutolewa kwa wateja katika miji ya Carnegie na Greensburg, Pennsylvania. Kila kitufe kilitoa sauti mbili kwa pamoja. 1, kwa mfano, ni hezi 697 na 1,209. Kwa kuwa ni sauti, zilivuka mpaka upande wa pili wa laini, na mashine ikaweza kuzisikia hata baada ya simu kuunganishwa. Huo ndio msingi wa sauti inayomwambia mpigaji abonyeze 1 kwa mauzo au 2 kwa malipo. Mwaka 1975 kampuni ya Kanada iliyokuja kuitwa Northern Telecom ilitoa mtambo wa ofisi wa kidijitali, SL-1, ambamo sauti hupimwa mara 8,000 kwa sekunde na kugeuzwa kuwa tarakimu. Kuhamisha simu, kuielekeza meza nyingine na kuwakutanisha watu watatu vikawa vitu vya kuandikwa kwenye kumbukumbu ya kompyuta badala ya kufungiwa waya.

Katika Afrika Mashariki laini za nje zilitoka kwa shirika moja, Shirika la Posta na Simu la Afrika Mashariki, hadi Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977 na kila nchi kuunda shirika lake. Tanzania ilitenganisha simu na posta mwanzoni mwa 1994 na kampuni ya simu ya TTCL ikazaliwa; Kenya ilifanya hivyo mwaka 1999 kwa kuunda Telkom Kenya. Kupata laini kuliweza kuchukua muda mrefu sana, hivyo ofisi iliyokuwa nazo mbili au tatu ilizigawa kwa meza nyingi kupitia mtambo wake, na dada wa mapokezi ndiye aliyekuwa mlango wa kutokea. Simu za mkononi zilipoenea, wafanyakazi wengi wakaacha kabisa kuusubiri mlango huo.

Wakati huohuo sauti ilianza kusafiri kama data. Kanuni za SIP, zinazoeleza jinsi simu inavyojisajili, inavyoita na inavyokata, zilichapishwa mwaka 1999 na kuandikwa upya mwaka 2002. Mwaka huo wa 1999 Mark Spencer, kijana wa Alabama aliyehitaji mtambo wa simu kwa kampuni yake ndogo na kuona bei ni kubwa mno, aliandika wake mwenyewe, akauita Asterisk na kuutoa bure. Tangu hapo kompyuta ya kawaida imeweza kuwa mtambo kamili wa ofisi.

Afrika Mashariki haikufaidika mara moja, na kizuizi kilikuwa umbali. Intaneti ya nje ilipita kwenye setilaiti zilizoko kilomita 36,000 hivi juu ya ikweta. Sauti kupanda na kushuka ilichukua karibu robo sekunde, wakati mazungumzo mazuri yanataka isizidi milisekunde 150. Watu walikatishana maneno bila kukusudia. Mkongo wa baharini wa SEACOM uliowashwa Julai 2009, kisha mikongo ya TEAMS na EASSy, iliondoa tatizo hilo, na ofisi za Dar es Salaam, Nairobi na Kampala zikaweza kuweka mtambo mmoja unaohudumia matawi yote.

Leo simu ya mezani huchomekwa kwenye waya wa mtandao uleule wa kompyuta, na tangu kiwango cha 2003 hupata umeme humohumo. Ikiwaka, huomba anwani kwenye mtandao, huchukua mipangilio yake, kisha hujisajili kwa mtambo kwa namba ya ndani na nywila. Mtu akiongea, sauti hukatwa vipande vya milisekunde 20, vipande 50 kwa sekunde, na kila simu huhitaji kilobiti 87 hivi kwa sekunde kila upande. Ndiyo maana swichi ya ofisi huamriwa kuitanguliza sauti mbele ya mafaili. Bila hivyo, mtu mmoja akipakua video, maneno ya jirani yake hukatikakatika. Nywila nazo hazitaki mzaha. Wezi huzunguka intaneti wakitafuta simu ambayo nywila yake ni namba ya ndani ileile, kisha hupiga nje ya nchi usiku kucha mwishoni mwa wiki, na bili humwangukia mwenye ofisi.

Mtandao wa zamani wa shaba sasa unaondolewa. Uingereza imepanga kuzima laini zake za zamani Januari 2027. Pamoja na shaba unaondoka umeme wake: volti 48 zilizotoka kwenye betri za kituo cha simu, zilizoiwezesha simu ya kawaida kufanya kazi hata mtaa mzima ukiwa gizani. Katika mfumo wa sasa umeme ni wa ofisi yenyewe. Fundi hulazimika kuweka betri ya akiba kwenye ruta, swichi na kompyuta ya mtambo kwa pamoja, kwa kuwa kimoja kikizimika simu zote hunyamaza, na kuongeza njia ya kupitia mtandao wa simu za mkononi kwa ajili ya dharura waya wa intaneti unapokatika.