Nesi Mgeni Katika Wodi ya Njiti

Leo hebu tuongee habari ya manesi. Kijana akitoka chuoni na cheti chake, akapangiwa wodi ya watoto njiti, ushauri wa kwanza anaopewa ni ule ule: angalia wakubwa zako wanavyofanya, nawe fanya hivyo hivyo. Sina ugomvi nao. Mtoto wa kilo moja si wa kujifunzia kwa kubahatisha. Lakini nikisoma historia ya wodi hizi naona ushauri huo ni nusu tu.

Tuanzie Paris. Mwaka 1878 daktari Stéphane Tarnier aliona mashine za kuangulia vifaranga kwenye bustani ya wanyama, akaomba atengenezewe ya watoto. Kufikia 1881 ilikuwa inatumika katika hospitali ya uzazi ya Maternité. Vifo vya watoto wa chini ya gramu 2,000 vilishuka kutoka asilimia 66 hadi 38. Mashine hizo zilipashwa kwa maji moto, kwa hiyo lazima mtu akeshe akichunga joto.

Kazi hiyo ya kukesha ndiyo iliyozaa ujuzi. Mwaka 1922 Dk. Julius Hess alifungua kituo cha njiti Chicago, na nesi wake mkuu, Evelyn Lundeen, akawa maarufu kwa ukali wake juu ya usafi. Mwaka 1941 walitoa kitabu pamoja, jina la nesi likiwa sambamba na la daktari. Hapo wanaosema "fuata wakubwa" wana hoja.

Sasa sikilizeni upande wa pili. Miaka ya 1940 hospitali tajiri ziliwapa njiti oksijeni kwa wingi, kila mtu akiamini kwamba ikizidi haidhuru. Watoto wapatao 10,000 wakapofuka. Daktari Arnall Patz alipofanya utafiti Washington mwanzoni mwa miaka ya 1950, akiwapunguzia baadhi yao oksijeni, kuna manesi wazoefu waliokuwa wakiifungulia tena usiku kwa siri. Walidhani daktari anaua watoto. Hawakuwa wabaya, walikuwa na huruma. Ila huruma yao ilikuwa imefungwa na mazoea. Utafiti wa hospitali 18 ulioanza 1953 ukathibitisha kwamba oksijeni ikizidi hupofusha. Kisha madaktari wakabana mno, na watoto wengine wakafa kwa kukosa pumzi. Mazoea mapya nayo yakaua!

Mwaka 1956, hospitali ya Rochford huko Essex, Uingereza, Sista Ward alikuwa na kawaida ya kuwatoa njiti uani waote jua. Siku moja akawaonyesha madaktari, kwa kusitasita, mtoto mwenye ugonjwa wa manjano. Ngozi ilikuwa imepauka, isipokuwa sehemu moja ya pembetatu iliyofunikwa na ncha ya shuka. Hapo palikuwa manjano tupu. Wiki chache baadaye chupa ya damu iliyoachwa dirishani penye jua ikapimwa, na kiwango cha manjano kikakutwa kimeshuka. Mwaka 1958 wakachapisha matokeo, na taa za buluu tunazoziona wodini leo chimbuko lake ni pale.

Sista Ward hakuwa na maabara. Alikuwa na macho, na alithubutu kusema.

Hata kumbeba mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi, kulianza Bogotá mwaka 1978 kwa sababu mashine hazikutosha, Dk. Edgar Rey akawapa akina mama watoto wao. Wengi waliiona ni dawa ya maskini. Mwaka 2021 utafiti wa nchi tano, Tanzania ikiwemo, ulionyesha kwamba kuanza mara tu baada ya kuzaliwa, bila kungoja mtoto atulie, kunapunguza vifo kwa robo.

Basi nesi mgeni ajifunze mikono ya wakubwa zake, tena kwa unyenyekevu. Lakini kila anachokiona akiandike, na asipoelewa aulize. Na wewe sista mkuu, kabla hujamwambia "hapa ndivyo tunavyofanya", mkumbuke yule aliyeonyesha kipande cha ngozi ya manjano huku akisitasita. Angenyamazishwa, ni watoto wangapi wangelipa?