Chopa, Caravan ama Jeti? Hivi Ndivyo Unachagua Ndege ya Kukodi Kwenda Ocha

Jumamosi ya matanga ama harusi huku Matete, chopa ikiskika tu juu ya Webuye, watoi wote wanatoka mbio kuelekea kiwanja cha shule. Ni swag, hakuna kupinga. Lakini familia nyingi huchanga doh ya ndege bila kuuliza maswali ya maana, halafu siku yenyewe mizigo inaachwa Wilson na nusu ya mbogi inapanda matatu.

Siri ni moja: usianze na ndege. Anza na pale itatua, watu ni wangapi na mizigo ni kilo ngapi. Ukishajua hayo matatu, ndege inajichagua yenyewe.

1. Chopa

Hii ndio pekee inaweza kukushukisha Matete yenyewe, bora kuwe na uwanja wazi usio na nyaya za stima, miti mirefu ama mabati yaliyolegea.

Kuna size tofauti. Robinson R44 ina viti vinne, na kimoja ni cha rubani. Kwa hivyo ni watu watatu, na wakiwa wanene inaweza kuwa wawili. Airbus H125, ile wengi bado wanaita AS350, inabeba rubani na abiria watano. Bell 407 inabeba rubani na sita.

Kutoka Nairobi hadi hapa ni kama kilomita 300 kwa hewa, so hesabu saa moja unusu hivi. Kwenda na kurudi ni kilomita 600, na hapo tenki ya R44 haitoshi. Uliza mapema mafuta yataongezwa wapi, na nani analipia hiyo kona ya Kisumu ama Eldoret.

Kama mpango ni kuleta mwili wa marehemu, sahau chopa ndogo. Jeneza haliingii.

2. Cessna Caravan

Hii ni probox ya angani. Injini moja, mabawa juu, inabeba abiria kama 12, na haiogopi kiwanja cha murram. Mlango wake wa mizigo ni mkubwa, ndio maana hutumika sana kubeba jeneza pamoja na familia.

Shida ni kwamba haitui kwa uwanja wa shule. Itakupeleka kiwanja cha Kakamega, Eldoret ama Kisumu, kisha mmalizie na barabara. Lakini ukigawa bei kwa vichwa 12, kila mtu analipa kidogo kuliko chopa.

3. Pilatus PC-12 na King Air

Pilatus ina injini moja, King Air ina mbili. Zote zinaenda mbio kuliko Caravan, na kabini imezibwa hewa, kwa hivyo zinapanda juu na kukwepa hali mbaya nyingi. Zinafaa mzae mgonjwa ama mtu wa mikutano miwili kwa siku. AMREF Flying Doctors, ambao wako Wilson, hutumia Pilatus kubeba wagonjwa.

4. Jeti

Jeti inataka lami ndefu. Huku kwetu hiyo inamaanisha Eldoret ama Kisumu, ambapo njia ya kurukia inazidi kilomita 3. Kwa safari ya Nairobi hadi Western, hata haijamaliza kupanda vizuri kabla ianze kushuka. Jeti ni ya Kinshasa, Dubai ama Johannesburg. Kama ni ocha, unachoma pesa tu.

Kwa nini kiwanja ndio kila kitu

Tarehe 24 Januari 2003, ndege ya Gulfstream iliyobeba mawaziri wa serikali mpya ya NARC ilikuwa inapaa kutoka kiwanja kidogo cha Busia. Walikuwa wametoka sherehe ya kumkaribisha Moody Awori nyumbani. Ndege iligonga nyaya za stima ikaanguka. Waziri wa Leba, Ahmed Khalif, na marubani wawili walikufa.

Tena huku tuko juu. Eldoret iko zaidi ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari. Hewa ikiwa nyepesi na jua likiwaka, injini na mabawa hupoteza nguvu, na ndege inahitaji njia ndefu zaidi ama mzigo mdogo zaidi. Rubani akisema mtu mmoja abaki, si madharau. Ni hesabu.

Kabla utume doh, uliza hivi:

- Kampuni ina cheti cha KCAA cha kubeba abiria kwa malipo? Ndege binafsi ya msee fulani haifai kukubeba kwa pesa, na ajali ikitokea bima inaweza kukataa kulipa.
- Bei ni ya saa ngapi za hewani? Ndege ikirudi tupu Nairobi, hiyo pia ni yako.
- Kungoja kunalipiwa? Hotuba za matanga huku haziishi mapema.
- Uzito wa kila mtu ni gani? Toa kilo za ukweli.
- Tunaondoka saa ngapi? Mvua ya Kakamega hupenda alasiri, na viwanja vidogo havina taa za usiku. Panga kutua asubuhi.

Kwa chopa, omba ruhusa ya mwenye uwanja, julisha polisi, na weka vijana wa kuzuia umati. Watu wasisogee hadi rafadha zisimame, na hakuna mtu kupitia nyuma. Rafadha ya mkia ikizunguka haionekani.

Na kama mko wawili na begi moja, wacha stori mob. Kata tiketi ya ndege ya kawaida hadi Eldoret ama Kisumu, ukodi gari huko. Chenji itakayobaki, ongezea mchango wa familia.