Iliyochujwa na iliyochuja

Asubuhi ya baridi huko Malindi, Lushoto, chai humiminwa kwenye chujio: majani yabaki juu, chai ishuke kikombeni. Huko ndiko kuchuja. Lakini kanga iliyofuliwa mara nyingi nayo imechuja, rangi imekwenda na maji. Kitenzi ni hichohicho, na chumba cha ultrasaundi kinazihitaji maana zote mbili.

Mashine hupeleka mwilini sauti tusiyoweza kuisikia, kwa kawaida ya megahezi 2 hadi 15, kisha hupokea mwangwi. Mwangwi huja na kelele, picha ikajaa chengachenga, kwa hiyo huchujwa. Kwenye kipimo cha mwendo wa damu, mwangwi wa ukuta wa mshipa una nguvu lakini ukuta wenyewe husogea polepole. Chujio huuzuia, damu iendayo kasi ipite. Likikazwa mno, damu ya polepole nayo hutoweka, na mshipa mzima ukadhaniwa umeziba. Chengachenga zikilainishwa kupita kiasi, kingo za kijusi hufifia. Picha ilichujwa, sasa imechuja. Ningependa sana wakufunzi wa radiolojia wawafundishe wanafunzi wao kwa kitenzi hiki, waache "kufilta".