Kibarua wa uchimbaji wa mambo ya kale ana haki gani?

Kando ya Ziwa Victoria, wanaakiolojia wamefukua vigae vya Urewe na mabaki ya tanuru za kuyeyushia chuma, kama pale Katuruka mkoani Kagera. Anayeshika jembe na chekeche mara nyingi ni mwanakijiji anayelipwa kwa siku.

Leseni ya kuchimba hutolewa chini ya Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964. Ujira unasimamiwa na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, inayosema:

- Saa za kawaida zisizidi 9 kwa siku na 45 kwa wiki. Saa ya ziada hulipwa mara moja na nusu.
- Anayefanya kazi siku 6 au zaidi kwa mwezi apewe masharti ya kazi kwa maandishi.
- Kuanzisha chama kunahitaji wafanyakazi wasiopungua 20.

Kikosi kidogo hakifikishi idadi hiyo, ila kila mmoja anaweza kujiunga na chama kilichopo. Uingereza, wanaakiolojia wamo ndani ya Prospect, chama cha fani nyingi.

Umedhulumiwa ujira? Fika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA), Mwanza, ndani ya siku 60. Nenda na daftari la siku na saa ulizofanya kazi.