Dakika 20 za Hakuba

Tarehe 11 Februari 2022, milimani Zhangjiakou, kaskazini mwa China, Iivo Niskanen wa Ufini alimaliza kilomita 15 za skii kwa dakika 37 na sekunde 54, akatwaa dhahabu ya Olimpiki. Bingwa kwa kawaida huvishwa koti, hupigwa picha, kisha huongozwa kwa waandishi wa habari. Niskanen alibaki kwenye mstari wa kumalizia. Alikaa pale zaidi ya robo saa kwenye baridi kali mpaka alipotokea mtu wa mwisho, Carlos Andrés Quintana wa Kolombia, akampa mkono na kumpongeza.

Kila miaka minne, mashabiki wa michezo ya majira ya baridi hugawanyika wanapoona jambo kama hilo. Wapo wanaotokwa na machozi. Wapo wanaouliza: huyu wa mwisho alifuata nini hapa? Nafasi yake si angepewa mwanariadha mwingine aliyefanya mazoezi maisha yake yote, akaachwa nyumbani kwa sababu nchi yake ina mabingwa wengi kupita kiasi? Swali hilo ni la siku nyingi, na wanaoliuliza si wabaya. Nimelifuata kwa kurudi nyuma, michezo hadi michezo, kwa sababu sehemu muhimu ya njia yake inapita kwetu.

Kituo cha kwanza ni Pyeongchang, Korea Kusini, mwaka 2018. Mswisi Dario Cologna alishinda kilomita 15, dhahabu yake ya tatu mfululizo katika umbali huo. Karibu dakika 26 baadaye aliingia Germán Madrazo wa Meksiko, mwenye umri wa miaka 43, ambaye alikuwa ameanza skii mwaka mmoja tu kabla. Alikuwa wa 116, wa mwisho, na mkononi alibeba bendera ya nchi yake. Pita Taufatofua wa Tonga, aliyekuwa wa 114, alimngoja pamoja na wenzake wengine wa mkiani, wakambeba mabegani. Cologna alikuwapo kumpa mkono. Picha hiyo ilizunguka dunia nzima.

Michezo hiyo hiyo ilitoa picha nyingine, na hii iliwakera watu kwelikweli. Elizabeth Swaney, Mmarekani aliyeichezea Hungaria, aliingia kwenye mashindano ya skii ya nusu bomba, ambako wenzake hurukaruka hewani na kujizungusha mara mbili tatu. Yeye alipanda na kushuka kingo za bomba bila kufanya mruko wowote wa maana, akapata alama 31.40, wa 24 kati ya 24. Alifika pale kwa kuhudhuria mashindano mengi ya kufuzu yenye washiriki wachache, akihakikisha haanguki. Hakuvunja sheria. Lakini mashabiki wengi waliona amepitia dirishani, na hapo siwalaumu. Tofauti kati yake na Madrazo naiona mlimani, si kwenye karatasi za kufuzu: Madrazo alijaribu kwenda haraka kadiri mwili wake ulivyoweza, na ulipomshinda aliendelea.

Kenya nayo ilikuwa Pyeongchang, na haikuwa ya mwisho. Sabrina Simader, mzaliwa wa Kilifi aliyehamia Austria na mama yake akiwa mtoto mdogo, alikuwa mwakilishi pekee wa nchi na mwanamke wa kwanza kuipeperushia Kenya bendera katika Olimpiki ya Majira ya Baridi. Katika mbio za kuteremka za Super-G alishika nafasi ya 38. Ndizo mbio zile zile alizoshinda Ester Ledecká wa Jamhuri ya Cheki, ambaye watu walimjua zaidi kama mtaalamu wa ubao wa theluji. Aliteremka akiwa wa 26, wakati Anna Veith wa Austria alikuwa ameshaanza kupokea pongezi za ubingwa, akamshinda kwa sehemu moja ya mia ya sekunde. Ledecká mwenyewe alisimama akiutazama ubao wa matokeo kwa mshangao, haamini. Wajuzi wote walikuwa wameshamtangaza Veith mshindi. Nalitaja hili kwa sababu wanaodai kwamba nafasi za Olimpiki ziachiwe wale tunaojua watafanya nini, siku ile hawakujua.

Kabla ya Simader, Kenya ilikuwa haijaonekana kwenye theluji ya Olimpiki kwa miaka 12. Ukiendelea kurudi nyuma unafika Torino 2006, kisha Salt Lake City 2002, na katika zote mbili unamkuta mtu mmoja, peke yake. Halafu unafika Japani, kijiji cha Hakuba, kwenye uwanja wa Snow Harp, tarehe 12 Februari 1998. Hapa lazima tukae.

Philip Boit alikuwa mkimbiaji wa mita 800 kutoka upande wa Eldoret, wa ukoo wa Mike Boit aliyeshinda shaba ya umbali huo Munich mwaka 1972. Mwaka 1996 kampuni ya Nike iliwalipia yeye na Henry Bitok waende Ufini kujifunza skii. Hawakuwa wamewahi kuona theluji. Wazo lilikuwa jepesi kulieleza: Wakenya wanatawala mbio ndefu, wana mapafu ya nyanda za juu, wapewe skii tuone. Miaka miwili baadaye Boit alikuwa kwenye mstari wa kuanzia kilomita 10 za mtindo wa jadi, Mkenya wa kwanza kushiriki Olimpiki ya Majira ya Baridi.

Mtindo huo una ufundi ambao televisheni haiuonyeshi. Mtelezaji huweka skii zake ndani ya vijia viwili vilivyochongwa na mashine kwenye theluji. Mbele na nyuma, skii hupakwa nta ya kuteleza. Katikati, chini ya kiatu, hupakwa nta ya kunata. Sehemu hiyo ya katikati imeinuka kidogo, kwa hiyo uzito ukigawanyika kwenye miguu yote miwili haigusi theluji. Ukiukandamiza mguu mmoja inashuka, inashika, nawe unajisukuma mbele. Ukikosea nta, kwenye mlima skii inarudi nyuma kila unapokanyaga. Au theluji inaganda chini yake, nawe unakuwa kama mtu anayevuka shamba la udongo wa mfinyanzi baada ya mvua. Mikono nayo ina kazi nzito sawa na miguu, maana fimbo mbili ndizo zinazokuvuta. Mkimbiaji wa mita 800 ana moyo na miguu, lakini mabega na mikono ya kazi hiyo hajawahi kuyajenga, na mizani ya kusimama juu ya mguu mmoja unaoteleza huchukua miaka.

Wala si wageni tu wanaoteswa na nta. Siku tatu kabla, katika kilomita 30, Bjørn Dæhlie wa Norwei, mtelezaji mkuu wa zama zake, aliachwa mpaka nafasi ya 20 kwa sababu skii zake hazikuelewana na theluji ya siku ile. Kwa hiyo alifika kwenye kilomita 10 akiwa na deni kwa mashabiki wake, na Wanorwei si watu wa kuutazama mchezo huu kwa utulivu. Kwao skii ya masafa ni kama kandanda ilivyo kwetu: mtoto, babu na mhubiri wote wana maoni kuhusu nta.

Dæhlie alishinda kwa dakika 27, sekunde 24 na nusu. Ilikuwa dhahabu yake ya sita ya Olimpiki. Kwa msomaji wa Afrika Mashariki, muda huo unapimika vizuri. Rekodi ya dunia ya mita 10,000 uwanjani siku hiyo ilikuwa ya Mkenya Paul Tergat, 26:27.85, aliyoiweka Brussels Agosti 1997. Yaani Dæhlie, akipanda na kushuka vilima vya Hakuba, alikuwa nyuma ya Tergat wa kwenye tambarare kwa dakika moja hivi. Huyo ndiye mtu ambaye Boit aliwekwa kwenye orodha moja naye.

Muda wa Boit ulikuwa 47:25.5. Wa 92. Toa hesabu: dakika 20 na sekunde moja nyuma ya bingwa. Wengine wote walikuwa wameshafika, wamevua skii, wanakunywa vitu vya moto. Sherehe ya kuwapongeza washindi ilikuwa tayari kuanza, na mtu mmoja ndiye aliyeichelewesha, yule aliyeshinda. Dæhlie alitaka kumngoja Mkenya. Alisimama mwishoni mwa njia huku watazamaji wakimshangilia mtu aliyekuwa bado anapambana peke yake, na Boit alipovuka mstari akamkumbatia.

Ubishi ulikuwa umeshaanza hata kabla ya siku hiyo. Waandishi wa michezo walisema ni tangazo la biashara lililovalishwa jezi ya taifa: kampuni ya viatu inanunua hadithi, inamtupa mtu wa joto kwenye barafu, dunia inacheka, viatu vinauzwa. Sehemu ya kwanza ya shutuma hiyo ni ya kweli na sitaitetea Nike. Walilipa kwa sababu walitaka kuonekana. Lakini ni timu gani ya Olimpiki isiyolipiwa na kampuni inayotaka kuonekana? Dæhlie alivaa nembo za wafadhili, na hakuna aliyesema kwa sababu hiyo hakuwa mtelezaji.

Jibu zuri zaidi alilitoa Boit kwa miaka iliyofuata. Hadithi ilikuwa imeshauzwa, wapiga picha wameshaondoka. Mtu aliyekuwa tangazo tu angerudi nyumbani na kumbukumbu yake. Boit aliendelea kufanya mazoezi, nyumbani akitumia skii za magurudumu kwenye lami, na akarudi Olimpiki mara mbili zaidi. Alishiriki pia mashindano ya ubingwa wa dunia, hata yale ya Oslo mwaka 2011, akiwa na umri wa miaka 39. Mwanawe alimpa jina la Dæhlie. Urafiki wa wawili hao umedumu, na kwa maoni yangu ndio uliowafundisha mabingwa waliofuata kwamba kumngoja wa mwisho ni jambo linalowezekana. Cologna na Niskanen wamepita njia iliyokwisha kukanyagwa.

Lakini kwa nini mwaka 1998 mtu wa mwisho alizua maneno makali kiasi kile? Jibu liko kituo cha nyuma zaidi, Calgary, Kanada, mwaka 1988. Huko Mwingereza Eddie Edwards, fundi wa kupiga plasta kutoka Cheltenham, aliruka skii akiwa na miwani minene iliyoingia ukungu chini ya miwani ya theluji. Alikuwa wa mwisho kwenye kilima cha mita 70 na wa mwisho tena kwenye kilima cha mita 90, huku Matti Nykänen wa Ufini akizoa dhahabu zote tatu za mchezo huo. Umati ulimpenda Edwards kuliko ulivyompenda Nykänen. Katika michezo hiyo hiyo timu ya Jamaika ilipinduka na gari lao la barafu, wakatoka na kutembea kando yake mpaka mwisho wa njia huku watu wakiwapigia makofi.

Warukaji wengi hawakufurahi. Walikuwa wamejitoa maisha yao kwa mchezo ambao kosa dogo huvunja shingo, na sasa kamera zilimfuata mtu wa kuchekesha. Nadhani walikuwa na haki. Mwaka 1990 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ikaweka kanuni: mshiriki awe ndani ya 50 bora au asilimia 30 ya juu katika mashindano ya kimataifa, kutegemea idadi ipi ni ndogo. Edwards hakufuzu tena. Kwenye kuruka, kanuni hiyo inalinda uhai. Tatizo ni kwamba hoja ya usalama ilizoeleka kutumika hata mahali ambapo hakuna anayehatarishwa. Kilomita 10 za Hakuba watelezaji waliachiliwa mmoja mmoja, kila mmoja akishindana na saa. Boit alimzuia nani?

Mtu aliyeisema hoja hii kwa muda mrefu kuliko wote ni Lamine Guèye wa Senegal, na kwake ndiko njia yangu inakoishia. Mwaka 1984 mjini Sarajevo, Guèye alikuwa Mwafrika mweusi wa kwanza kushiriki Olimpiki ya Majira ya Baridi, kwenye skii ya kuteremka mlima. Alirudi Albertville 1992 na Lillehammer 1994, na baada ya hapo akapaza sauti dhidi ya vigezo vya kufuzu ambavyo, kwa maelezo yake, vinaifanya michezo hii iwe ya Ulaya na Amerika Kaskazini pamoja na wageni wachache waalikwa. Skii ya masafa imemsikiliza kidogo: Pyeongchang na Beijing, nchi isiyo na bingwa yeyote iliweza kupeleka mwanamume mmoja na mwanamke mmoja iwapo wamefikisha kiwango cha chini, pointi zisizozidi 300, zinazohesabiwa kwa jinsi ulivyoachwa na mshindi katika mashindano yanayotambuliwa. Madrazo alipita hapo, Quintana alipita hapo. Kwa kijana wa Eldoret au Iten mwenye skii za magurudumu, kiwango hicho ni kigumu lakini kinafikika, na wanaotaka kukipandisha watueleze kwanza ni mtelezaji gani aliyewahi kupoteza medali kwa sababu ya mtu aliyekuwa dakika 20 nyuma yake.