Kilomita 27 kwa Lita, za Nani?

Ukipita yadi za magari pale Ngong Road, kuna namba utakayoisikia kabla hata hujauliza bei. Muuzaji anagonga boneti ya Honda Vezel ya haibridi na kukuambia, "Hii gari hainywi mafuta, bosi. Lita moja, kilomita 27." Nawajua watu waliochukua mkopo wa sacco kwa sababu ya sentensi hiyo. Na namba yenyewe si uongo. Ilitangazwa Japani Desemba 2013, gari lilipozinduliwa, ingawa ilikuwa ya toleo lililobana mafuta kuliko matoleo mengine yote ya Vezel. Mimi napenda historia kuliko magari, kwa hivyo swali langu ni lingine: namba hii ilitoka wapi, na ilikusudiwa nani?

Turudi Oktoba 1973. Vita vilipozuka kati ya Israeli na majirani zake Misri na Syria, nchi za Kiarabu zenye mafuta zilipunguza uzalishaji na kuzinyima mafuta nchi zilizoiunga mkono Israeli. Pipa lililokuwa likiuzwa kama dola 3 lilikaribia dola 12 kufikia mwanzo wa 1974. Japani, inayoagiza karibu mafuta yake yote kutoka nje, ilishikwa na kiwewe. Watu walipiga foleni madukani kununua karatasi za choo wakihofia zitaadimika. Kenya nayo, iliyokuwa ikisafisha mafuta ghafi ya kuagizwa pale Changamwe, haikuwa na pa kujificha.

Hapo ndipo unywaji wa mafuta ulipoacha kuwa shida ya mwenye gari peke yake, ukawa shida ya serikali. Marekani ilipitisha sheria mwaka 1975 kuwalazimisha watengenezaji wafikie wastani fulani wa maili kwa galoni. Japani ikafuata na sheria yake ya kubana nishati mwaka 1979. Lakini huwezi kumlazimisha mtu afikie kiwango kama hamjakubaliana mtapima vipi. Serikali zilihitaji mtihani ambao magari yote yangeufanya kwa njia moja.

Mtihani wenyewe ni wa ndani ya nyumba. Gari linapandishwa juu ya roli za chuma, magurudumu yanazunguka lakini gari haliendi popote. Dereva anatazama skrini na kufuata mstari: ongeza mwendo, punguza, simama, anza tena. Mtihani ulioipa Vezel ile 27 unaitwa JC08. Unachukua sekunde 1,204, dakika 20 hivi, na umbali wake ni kama kilomita 8.2. Mwendo wa juu kabisa ni kilomita 81.6 kwa saa, na wastani ni 24.4 tu. Kiyoyozi kimezimwa. Hakuna kilima, hakuna matuta, hakuna shangazi na gunia la viazi kwenye buti.

Sasa weka gari la haibridi kwenye mtihani huo. Toyota Prius ilianza kuuzwa Japani Desemba 1997, mwezi uleule ambao Mkataba wa Kyoto kuhusu tabianchi ulipitishwa. Ujanja wake ni rahisi kueleza. Gari la kawaida likifunga breki, nguvu ya mwendo inageuka joto na kupotea. Kwenye haibridi, mota ya umeme inaidaka sehemu ya nguvu hiyo na kuihifadhi kwenye betri. Ukisimama, injini inazima. Ukiondoka, mota inasaidia kusukuma. Yaani kila mara unaposimama na kuanza tena, haibridi inaokoa kitu ambacho gari jingine linakitupa. Na mtihani wenye wastani wa kilomita 24 kwa saa ni wa kusimama na kuanza tena.

Ukitaka kuona jinsi kipimo kinavyoweza kuibeba namba, tazama yaliyoipata Prius Marekani. Kwa miaka mingi ilikuwa na alama ya maili 60 kwa galoni mjini na 51 barabara kuu, kinyume kabisa cha magari ya kawaida, ambayo hunywa zaidi mjini. Madereva wakalalamika kwamba hawazipati hizo maili. Serikali ikabadilisha mbinu kuanzia magari ya mwaka 2008: ikaongeza mwendo kasi, kiyoyozi na baridi kwenye hesabu. Prius ikashuka kutoka wastani wa 55 hadi 46, yaani kutoka kama kilomita 23 kwa lita hadi chini kidogo ya 20. Kwenye gari hakuna skrubu iliyobadilishwa.

Na kuna wakati tatizo si mbinu bali mtu. Zile roli zinahitaji kuambiwa upepo na matairi yanalikinza gari kiasi gani barabarani, na Japani taarifa hiyo ilitoka kwa mtengenezaji mwenyewe. Aprili 2016, Mitsubishi ilikiri kwamba ilipeleka takwimu zilizopambwa kwa magari madogo 625,000, mengi yakiwa yametengenezewa Nissan. Nissan ndiyo iliyogundua kwamba hesabu hazilingani.

Kwa hivyo 27 ni ya nani? Kwa maoni yangu, ni ya maafisa wa Tokyo. Iliundwa ili waweze kulinganisha gari moja na jingine, na kwa kazi hiyo inafaa. Wewe haikukujua.

Cha kuchekesha ni kwamba nusu ya mtihani huo inatufaa. Kilomita 24 kwa saa, simama, anza, simama tena: hiyo si ni jioni yoyote ya Nairobi? Kwenye jam ya Thika Road haibridi iko nyumbani kwake. Lakini ukitoka Mombasa kurudi Nairobi unapanda zaidi ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, kwa mwendo ambao JC08 haijawahi kuuona. Breki huzigusi, kwa hivyo betri haina cha kudaka. Upepo nao unakuwa mkali: mwendo ukizidi maradufu, ukinzani wake unazidi mara nne, na gari lenye kimo kama Vezel linaupa upepo kifua kipana kuliko saluni.

Kisha kuna umri. Sheria yetu inaruhusu gari lisilozidi miaka minane, kwa hivyo Vezel ya 2014 iliweza kuingia Mombasa hadi 2021. Betri imezeeka, matairi si yale, lakini kwenye tangazo namba bado ni changa.

Tofauti hii ina bei. Tuseme unaendesha kilomita 1,000 kwa mwezi. Kwa 27 utahitaji lita 37. Ukipata 18, utahitaji karibu lita 56. Oktoba 2023, petroli ya super Nairobi ilipofika shilingi 217.36, pengo hilo lingekutoa zaidi ya shilingi 4,000 kila mwezi, na mkopo unataka kulipwa vilevile.

Kabla hujatia sahihi, tafuta mtu mwenye gari kama hilo na safari zinazofanana na zako. Mwombe ajaze tangi hadi pampu ijikate, aandike kilomita, aendeshe wiki mbili bila kujibana, ajaze tena, kisha agawanye kilomita kwa lita alizoongeza. Namba hiyo ndiyo uipigie hesabu ya mkopo.